Filimbi ya Jumapili

Ukungu ulianza kushuka Komala alipokuwa akipanga vikombe. Aliuona kupitia dirisha la jikoni: ulifunika kilele kwanza, ukafunika msitu wa misonobari, kisha safu za juu za shamba la chai. Aliendelea na vikombe. Alikuwa amefundisha kemia maisha yake yote ya kazi, na alijua kwamba ukungu ni matone ya maji tu, hauna nia na mtu. Hata hivyo kikombe cha mwisho ilibidi akiweke upya kwenye kisahani chake, kwa sababu mara ya kwanza kiligonga.

Filimbi ililia mbali, upande wa mlimani.

"Nini hiyo?" sauti ya mdogo wake iliuliza kutoka sebuleni.

"Mnyapara wa chai," Komala alijibu bila kuinua kichwa. "Huwaita wachumaji waje kupima majani."

Mdogo wake, Hendarsah, alikuwa ameketi wima kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Alikuwa ameondoka Bekasi alfajiri, akaendesha gari mpaka huku Pangalengan, na hakuficha kwamba amekuja shingo upande. Baba yao alishafariki, na mwanamume aliyebaki katika ukoo wao wa karibu ni yeye. Yeye ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza. Kadhi angeweza kumwoza Komala bila ridhaa yake, sheria ina mlango huo, lakini Komala hakutaka kuolewa kwa kumshinda ndugu yake mbele ya kadhi. Hendarsah alilijua hilo. Alikuwa ametoa alasiri moja tu: mwanamume aje, aseme neno lake kabla ya Magharibi. Asipokuja, habari hiyo isitajwe tena.

"Alisema atafika lini?"

"Baada ya sala ya Alasiri."

"Alasiri tumeshaisali, Dada. Na chai tumeshaimaliza."

"Ndiyo maana naleta nyingine."

Yoyoh aliingia kabla yake, mikono miwili imebeba sinia la ndizi za kukaanga. Alikuwa amesoma na Komala chuoni Bandung, akawa daktari wa mifugo, akastaafu na kununua nyumba jirani. Leo alikuwa amevaa hijabu ya zambarau na bangili nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa Rustandi, mwanamume waliyekuwa wakimngoja, hakuwa na ndugu huku Java Magharibi, na Yoyoh alijitolea kuwa mshenga wake.

"Hendar, kula ndizi. Shemeji yako yuko njiani."

"Dada Yoyoh, usimwite shemeji mtu ambaye sijampa dada yangu."

"Haya, basi kula ndizi za mtu asiye shemeji yako. Utamu ni uleule."

Hendarsah hakucheka. Alichukua ndizi moja kwa ncha za vidole. "Mimi nauliza tu. Mtu anakwenda kuposa, halafu asubuhi ya siku hiyohiyo anapanda mlima? Mtu wa miaka sitini na mitatu?"

"Sitini na minne," alisema Komala akimimina chai.

"Huko ndiko kumtetea?"

"Ndiyo umri wake."

"Sikiliza, Hendar," Yoyoh aliingilia. "Vijana wa chama chetu cha wapanda mlima wanavishwa skafu leo. Kila mwaka wanapelekwa kwenye ukingo wa mlima, na mzee wa chama ndiye anayewafunga skafu shingoni jua likichomoza. Wazee wenyewe tumebaki wangapi wenye magoti? Mimi yangu yanalia kama mlango wa gereza. Siku ya vijana ilipangwa tangu mwaka jana. Siku yako wewe umeipanga wiki hii."

"Nilikuwa na kazi."

"Na yeye ana kazi. Usimhukumu haraka."

Komala alikaa. Alikuwa amevaa kebaya, blauzi ya sherehe, ya kijani kibichi yenye vifungo vidogo, aliyoinunua mwenyewe, bila kumshirikisha mtu. Alijaribu simu tena. Ilikuwa vilevile: haipatikani. Hilo halikuwa na maana kubwa, kwa kuwa mabonde ya huko juu hayana mtandao. Alilirudia wazo hilo moyoni mpaka likakosa nguvu.

"Nipe namba ya mwenyekiti wa vijana," Yoyoh alisema polepole.

Alipiga simu akiwa amesimama mlangoni. Alizungumza kwa utani mwanzoni, akiuliza kama skafu zilitosha. Kisha utani ukaisha, akawa anaitikia tu. Aliporudi aliketi karibu na Komala kuliko alivyokuwa ameketi mwanzo.

"Vijana wote wameshashuka. Wameshukia upande wa pili, kwenye lori. Wako njiani kwenda Bandung."

"Na Rustandi?"

"Aliwaambia atakata kwa upande huu, upande wa chai, awahi. Waliagana kabla ya adhuhuri."

"Na nani?"

Yoyoh alitazama bangili zake. "Peke yake."

Komala hakuelewa mara moja. Rustandi hatembei peke yake mlimani. Tangu chuoni alikuwa mtu wa mwisho kwenye msafara, yule anayehakikisha hakuna aliyebaki nyuma, na hata sasa, kwenye matembezi ya wastaafu ya kila Jumanne, huwagombeza wazee wenzake kama watoto mmoja akitangulia. Njia ya upande wa chai haichukui mchana mzima. Mtu aliyeagana na wenzake kabla ya adhuhuri alipaswa kuwa amefika, ameoga, amevaa.

"Amebadili nia," alisema Hendarsah.

"Hendar!"

"Nasema ninaloliona, Dada Yoyoh. Hakutaka kusema hapana mbele ya watu. Ameshuka, amepanda basi. Si mara ya kwanza."

Neno hilo la mwisho lilibaki pale mezani kati ya vikombe.

Mwaka uliotangulia, Komala alikuwa kwenye matembezi ya Jumanne, akikata majani yaliyofunika njia, alipomkuta mwanamume mwenye mvi amepiga magoti akipaka rangi nyeupe kwenye jiwe, ili wapandaji waione njia. Mtu huyo hakugeuka.

"Hatua hiyo naijua," alisema akiwa bado amempa mgongo. "Mguu wa kulia unakanyagia nje."

Ilibidi Komala ashike mti. Sauti ilikuwa ileile ya Rustandi, mpenzi wake wa chuoni, imechakaa kidogo pembeni. Alipogeuka, macho yake yalimtazama vile alivyokuwa akimtazama chuoni, bila haraka, kama anayesoma kipimo na hataki kukosea.

Walikaa juu ya gogo, wakanywa tangawizi ya moto kwa kifuniko kimoja cha chupa. Waliongea kwanza kuhusu marehemu. Yeye alimtaja mke wake, muuguzi wa kisiwa cha Sulawesi, na Komala akamtaja Darmawan, mume aliyeishi naye vizuri na kumzika vizuri. Hapakuwa na jambo la kuwafichia waliokufa. Kisha Komala akauliza swali alilokuwa nalo tangu ana miaka ishirini na minne.

"Kwa nini hukuja?"

"Kuja wapi? Nilikutajia mji nitakaofanyia kazi. Nilikaa palepale. Walitaka kunihamisha, nikakataa, ili ukija unikute."

"Mimi nije Sulawesi? Nyumba ya baba ulikuwa unaijua!"

"Mala, tuligombana kwenye jiwe kule mlimani, ukashuka ukaniacha. Aliyeachwa ni mimi."

"Uliyepanda meli ni wewe. Niliyebaki bila habari ni mimi."

Walitazamana. Siku ya kwanza chuoni, kwenye mvua, wakubwa wao waliwafundisha kanuni kwa kupiga kelele mpaka ikaingia damuni: aliyepotea akae alipo, anayetafuta ndiye atembee. Wapandaji wengi wamepona kwa kanuni hiyo. Wao wawili, kila mmoja akijihesabu kuwa ndiye aliyepotea, walikaa. Komala alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu Rustandi hakuwa anacheka.

Sasa ukungu ulikuwa umefika kwenye uzio wa bustani yake ya kahawa.

"Gina ameshakubali," alimwambia mdogo wake. Gina alikuwa binti yake. "Mwanangu mwenyewe ameniambia, mama, olewa."

"Gina hakukuona."

"Hakuniona wapi?"

Hendarsah aliweka kikombe chini. Alikuwa mhandisi wa kiwanda, mtu wa maneno machache, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu kwenye masikio kama alipokuwa mdogo. "Barazani. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa akiniambia, nenda kakae na dada yako. Ulikuwa unavaa vizuri, unakaa, pikipiki ikipita unanyoosha shingo. Ikishapita unaniuliza kama nimefanya hesabu zangu za shule. Miezi na miezi. Baba aliona aibu, Mama alilia, mimi nilikuwa nahesabu pikipiki. Unadhani nakataa kwa sababu ya watu watasema nini? Waseme. Mimi sitaki kukuona barazani tena. Kila Jumapili ulikuwa pale. Na leo ni Jumapili, umevaa vizuri, na umenyoosha shingo."

Yoyoh alikuwa amefumba macho.

Komala alikuwa amemtazama mdogo wake kwa huruma, kisha huruma ikatoweka usoni pake. Aliinuka.

"Umesema leo ni nini?"

"Jumapili. Kwani hujui? Siku nilikutajia mwenyewe."

"Jumapili hawachumi chai."

"Dada..."

"Hawachumi, Hendar. Hawapimi. Mnyapara leo yuko nyumbani kwake na wajukuu." Alikuwa tayari amefika mlangoni, akivua viatu vyake vizuri. "Filimbi ile. Nimeisikia nikipanga vikombe, nikakujibu kwa mazoea. Nimeisikia na wakati wa sala. Yoyoh, ilikuwa inaliaje?"

Yoyoh alifumbua macho. "Tatu fupi," alisema taratibu. "Ya Rabi, Mala. Zilikuwa tatu fupi. Na mimi nimezisikia nikikaanga ndizi."

Tatu fupi, kimya, tatu fupi tena. Mtu yeyote wa chama chao angeamka usingizini kwa mlio huo wa kuomba msaada. Lakini walikuwa wamekaa jirani na shamba la chai kwa muda mrefu mno, na masikio yao yalikuwa yamezoea filimbi za kazi za watu.

Komala alivaa mabuti ya mpira, akavaa koti la mvua juu ya kebaya, akafunga tochi kichwani. Alichukua filimbi yake kwenye msumari, kamba, na chupa ya maji ya moto. Alifanya hayo kwa mpangilio, kama anayeandaa meza ya maabara.

Hendarsah alisimama katikati ya mlango. "Huendi. Piga simu kwa mjumbe wa kijiji, watume vijana."

"Yoyoh atapiga. Mpaka wakusanyike giza litakuwa limeingia. Njia naijua, mawe yake nimeyapaka rangi kwa mkono wangu."

"Dada, mimi nimekuja hapa kama walii wako. Ukitoka kumfuata mwanamume mlimani kabla hajaja kusema neno, mimi narudi Bekasi. Na jibu langu utakuwa unalijua."

Alimtazama. Komala alikuwa amembeba mgongoni mtoto huyu, akamfundisha kusoma. Alitamani kumwambia kwamba ana haki, na kwamba anaweza kuwa na haki na bado mtu akafa huko juu kwa baridi.

"Nilikaa vya kutosha, Hendar," alisema. "Nipishe."

Alimpisha.

Magoti ya Yoyoh yaliishia kwenye lango la shamba la chai. "Nabaki hapa na filimbi," alisema akihema. "Nitapuliza, mjue pa kurudi. Usivuke jiwe kabla hujaliona linalofuata. Unanisikia? Na ukimkuta mwambie mshenga wake anataka malipo ya ziada."

Komala aliingia kati ya miti ya chai. Alikuwa amepanda kidogo tu aliposikia injini ya gari ikiwaka nyumbani kwake. Alisimama. Ilinguruma, ikapanda, ikashuka, kama gari linalogeuzwa kwenye uwanja mdogo. Hakugeuka kutazama. Alijua angeona nini, na hakuwa na nafasi ya kukiona sasa. Alitafuta jiwe jeupe lililofuata, akalipata, akaendelea.

Ukungu ulikuwa na harufu ya majani mabichi. Alipuliza mlio mmoja mrefu, wa mtafutaji. Alisikiliza. Moyo wake ulikuwa ukipiga masikioni, ukamzuia kusikia, akaukasirikia. Alipuliza tena. Nyuma, mbali, Yoyoh alijibu. Mbele, kimya.

Akili yake, iliyozoea kupima, ilimletea vipimo asivyovitaka: baridi ya nyuzi kadhaa, nguo zilizolowa, mwili wa mtu mwenye miaka sitini na minne, saa nyingi bila kutembea. Alijaribu kuifukuza na akashindwa. Alipuliza mara ya tatu, na pumzi ikamwishia katikati.

Tatu fupi. Hafifu, upande wa kushoto, karibu kuliko alivyodhani.

Alimkuta ameketi chini ya jiwe kubwa mahali njia inapopinda. Mbele yake njia haikuwapo. Udongo ulikuwa umeporomoka na mvua za juma zima, na ukingo mpya ulikuwa unadondosha kokoto ndani ya ukungu. Mguu wake mmoja ulikuwa nje ya buti, umevimba na kuwa kama boga changa. Midomo ilikuwa imepauka. Mapajani alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ndani yake ilionekana batiki ya kahawia, imekunjwa, imepigwa pasi, kavu kabisa.

"Nimechelewa," alisema Rustandi.

"Umechelewa." Alikuwa amepiga magoti, akimfungulia chupa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida mpaka alipomgusa mkono na kuuona ulivyo wa baridi. Hapo aliuweka shavuni pake na kuushikilia.

"Nilitembea peke yangu, Mala. Maisha yangu yote nimewagombeza watu. Leo tu, niliogopa kuchelewa."

"Nyamaza, unywe."

Alikunywa. Macho yake hayakumwacha juu ya kifuniko cha chupa. "Sikudhani utakuja. Nilijua una wageni. Nikasema utakaa, ungoje."

"Nilikaa. Nilisikia filimbi nikasema ni ya chai."

"Leo Jumapili."

"Najua kwamba leo ni Jumapili!"

Rustandi alicheka, kicheko chenye kutetemeka, kisha akaona uso wake na kuacha. "Hendarsah?"

"Ameondoka. Nimesikia gari."

Rustandi alitazama mfuko mapajani pake. "Basi nimekupotezea," alisema. "Kwa mara ya pili."

"Simama kwanza. Mengine tutayasema tukiwa chini."

Hakuweza kusimama. Walijaribu, akamwegemea, kokoto zikateleza, wakakaa tena wakiwa wameshikana. Chini, filimbi ya Yoyoh ililia. Na hapo Komala akaona jambo asiloweza kulieleza: ukungu upande wa bondeni ulikuwa na weupe mwingine, wa manjano, miale miwili mipana iliyopanda kutoka nyumbani kwake.

Kitu kiliteleza ukunguni, mtu akatukana kwa sauti ya chini, kisha akaomba toba kwa sauti ya juu.

"Dada! Usisogee! Uko wapi?"

Hendarsah alitokea akiwa amevaa kiatu kimoja cha ofisini. Suruali yake nzuri ilikuwa tope mpaka magotini, na alikuwa ameshika tochi ya simu mbele yake kama kisu.

"Gari..." alisema Komala.

"Nimeligeuza, taa zielekee huku. Betri ikiisha mtalisukuma nyinyi." Alihema. Kisha aliuona mguu uliovimba, na ukingo, na mfuko wa plastiki. Alikaa juu ya jiwe bila kujali suruali.

Rustandi alikuwa ameanza kufungua mfuko. Alivua koti lililolowa, akatoa shati la batiki, akalivaa juu ya fulana yenye maji, akilifunga vifungo kwa vidole visivyotii. Komala alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Bwana Hendarsah," alisema Rustandi. "Ilinipasa kuja kwako na mshenga."

"Mshenga yuko langoni, anapuliza filimbi kama askari wa barabarani."

"Basi nitasema mwenyewe. Magharibi haijaadhiniwa. Nimekuja kumposa dada yako."

Hendarsah alimmulika tochi usoni, akaona anamuumiza macho, akaishusha. "Nina swali moja. Wakati ule nilikuwa mtoto, nikakaa naye barazani. Kwa nini hukuja?"

"Nilidhani mimi ndiye niliyepotea. Nikakaa."

"Na leo nimekukuta umekaa tena."

"Leo nilipuliza filimbi," alisema Rustandi. "Mchana kutwa. Wakati ule sikupuliza."

Hendarsah alimtazama dada yake, kebaya ya kijani ikichungulia chini ya koti la mvua, nywele zimeganda kwenye paji la uso. Hakuwa amenyoosha shingo. Alikuwa anafunga kifundo cha mguu wa mwanamume huyo kwa skafu yake ya zamani ya chama, akivuta fundo kwa nguvu, na Rustandi alikuwa anauma meno na kumtazama kana kwamba hasikii maumivu yoyote.

Adhana ilianza huko kijijini, imefunikwa na ukungu. Wote watatu walinyamaza mpaka ikaisha.

"Tushuke," Hendarsah alisema. Aliinuka, akapitisha mkono chini ya kwapa la Rustandi, akampima uzito, akaguna.

"Mimi natembea mwisho," Rustandi alisema kwa mazoea.

"Leo hutembei mwisho," alisema Komala. Alitangulia, tochi yake ikatafuta jiwe jeupe la kwanza.

Walishuka polepole, wakiziendea taa za gari. Nyuma yake alisikia pumzi za wanaume wawili, na soksi ya mdogo wake ikilowa kwenye tope. Alisubiri neno lake la ridhaa. Walipita mawe kadhaa, na neno halikuja.

"Polepole hapo kushoto, panateleza," sauti ya Hendarsah ilisema nyuma, yenye hasira kidogo. "Nishike vizuri, shemeji."